Mwanafunzi Ni Mimi, Si Mama Yako

S.L.P. 88,
Catlow Mills,
North Carolina.

7 Machi 2004

Mpendwa mpwa wangu Corliss,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani, ambako baridi imegoma kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Hujambo huko Ujerumani, mama? Mtoto Tobias hajambo? Meno yamefika mangapi? Na bwana wako Dewitt, kuna habari gani kutoka huko jangwani walikompeleka? Kila Jumapili jina lake linasomwa kanisani pamoja na ya askari wengine, na kila Jumapili mchungaji analitamka vibaya. Naamini Mungu anajua anatajwa nani.

Sisi huku wazima, kwa uzima wa watu wa umri wetu. Mke wangu Idella bado anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na nguvu za kunigombeza anazo. Mimi kitambi kipo, nywele hazipo. Ukiona barua yangu ujue jambo si dogo, maana ya mwisho nilikuandikia ulipomaliza shule, na hata ile bahasha aliiandika mama yako.

Corliss, mama yako hasomi uuguzi. Hajakanyaga darasani hata siku moja. Anayesoma uuguzi ni mimi.

Cheka kwanza, nitakusubiri. Mjomba wako Lemuel, miaka hamsini na tatu, vidole kama ndizi, niliyeanguka chini kama gunia siku ulipozaliwa kwa kuona damu kidogo tu kwenye shuka. Nakaa mstari wa mbele kwa sababu ya macho, kati ya wasichana wanaotafuna ubani, na wote wananiita "babu". Ukimaliza kucheka, kaa chini, kwa kuwa yaliyobaki hayachekeshi.

Mama yako amenikataza kukuandikia haya. Anasema una mume vitani na mtoto mgongoni, mzigo wako unakutosha. Lakini najua ungekuja kuyasikia kwa watu wa kanisani, na hao wangeyatia chumvi.

Unajua jinsi soksi zilivyotuishia. Ulipoondoka tulikuwa bado mia nne pale kiwandani. Halafu soksi za kutoka ng'ambo zikajaa madukani, dazeni nzima kwa bei ambayo sisi tusingeweza hata kununulia uzi wake. Februari mwaka jana ikatoka orodha ya kwanza ya watu kumi na wawili wa kupunguzwa. Jina langu lilikuwa la tatu. La mama yako halikuwepo. Nani angempunguza Ozella, mshonaji wa ncha za soksi asiyerudishiwa kazi hata pea moja kwa miaka thelathini na mmoja?

Ile desturi ya mzee mwenye kiwanda unaikumbuka: nyumba ikiwa na watu wawili kazini na mmoja akatajwa, waliruhusiwa kukaa mezani wakaamua wenyewe nani atoke. Mama yako hakukaa mezani. Alikuja kwenye mashine niliyokuwa naitengeneza, akaniambia, "Lem, weka chini hiyo bisibisi yako. Nimeshaongea na Thurlow. Ninatoka mimi."

Nikamwambia, "Dada, una wazimu?"

"Mwenye wazimu ni wewe unayetaka kumwondoa Idella kwenye bima. Atasafishiwa damu na nini, mate yako?"

Sikubishana. Nakuandikia kweli tupu, Corliss: nilibishana dakika moja hivi, kwa ajili ya heshima, kisha nikanyamaza. Yeye akaenda ofisini. Kule hawakuwa na fomu ya mtu anayempisha ndugu yake. Fomu zilikuwa mbili tu, ya aliyepunguzwa na ya anayeacha kazi kwa hiari. Wakampa ya hiari, akatia sahihi. Msimamizi wetu, Thurlow Beam, alisimama pale na hakuona kosa, kwa kuwa tangu enzi za baba yake mambo yalikwenda hivyo hivyo. Wala mimi sikuona.

Tukabaki miezi minane. Mwezi wa mwisho nilipewa kazi ya kuzipaka mafuta mashine zangu na kuzifunga kwenye masanduku ya mbao, ziuzwe huko huko zinakotoka zile soksi. Niliandika juu ya kila sanduku ni nati ipi inayolegea. Idella alisema mimi ni mjinga, lakini mashine haina kosa.

Oktoba tukafungiwa milango. Ndipo tukasikia kwamba serikali ina msaada kwa wafanyakazi walionyang'anywa kazi na bidhaa za nje. Watu watatu tu wakitia sahihi ombi, serikali inachunguza. Ikikubali, wote wa kiwanda hicho wanapata karo ya kusoma kazi nyingine, posho wanapokuwa darasani, na sehemu ya bima. Mmoja wa watatu hao alikuwa mimi. Nikatembea mji mzima kifua mbele kama jogoo aliyeleta alfajiri. Novemba jibu likaja: tumekubaliwa, na ni kwa wote waliopoteza kazi tangu Oktoba ya mwaka uliotangulia. Mama yako alitoka Februari. Nikahesabu kwa vidole, yumo ndani! Nikamkimbilia, nikamwambia, "Dada, umepita."

Hujapata kumwona vile. Unajua aliachishwa shule darasa la tisa akavune tumbaku, na jambo hilo hakuwahi kulisema mbele yetu zaidi ya mara mbili. Siku ya pili alikwenda chuoni, akafanya mtihani wa kuingia, akawashinda watoto wa shule. Wakamwandika kwenye orodha ya uuguzi wa miaka miwili. Akanunua viatu vyeupe. Siku alipokupigia kukuambia kwamba ataanza masomo, alikuwa anasema kweli. Nataka ulijue hilo.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya kumkatalia. Msaada ni kwa aliyeondolewa kwa kukosa kazi. Yeye, kwa sahihi yake mwenyewe, aliacha kwa hiari.

Tukakata rufaa. Thurlow Beam akaja nyumbani kofia mkononi, hali tangu nimjue hajaivua kofia ile isipokuwa kwenye mazishi. Akasema, "Ozella, mimi nitasema ulikuwa kwenye orodha. Karatasi zile zimetupwa, hakuna wa kunipinga. Wewe useme tu nilikuambia utoke. Neno moja." Mama yako akamkatia kipande cha mkate wa mahindi, akamwongezea siagi, asimjibu kitu. Mimi nikadhani kunyamaza ni kukubali. Nimeishi na mwanamke huyu tangu kuzaliwa na bado sijamjua.

Rufaa ilisikilizwa Januari, kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi ya ajira. Mwamuzi alikuwa kijana wa miwani, mpole, na kinasa sauti mezani. Tukaapishwa sote. Thurlow akasema yale aliyoyaahidi, jasho likimtoka. Kisha zamu ya mama yako.

"Mama Stroud," mwamuzi akamwuliza, "nani alikuambia uondoke kazini?"

"Hakuna."

"Msimamizi wako anasema kulikuwa na orodha."

"Ilikuwepo. Mimi sikuwemo."

Thurlow akajikohoza. "Ozella, hebu kumbuka vizuri."

"Nakumbuka kuliko wewe, Thurlow. Umekula kiapo sasa hivi na unataka kunifukuza kazi mwaka mzima baada ya kuondoka. Umechelewa, baba."

Hata yule kijana alitaka kucheka. Akasukuma miwani, akasema polepole, kama mtu anayemshika mkono mzee kuvuka barabara, "Mama, nielewe. Kama ulihisi kwamba ungeondolewa hata hivyo, waweza kulisema hilo. Je, ulihisi hivyo?"

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Corliss, nilimkanyaga kwa nguvu.

"Sikuhisi hivyo," akasema. "Nilikuwa mshonaji bora mle ndani, wangenitoa wa mwisho kabisa. Nilitoka mwenyewe, nikampa mdogo wangu nafasi. Huyu hapa, anayenikanyaga. Mkiandika kwamba nilifukuzwa, basi mimi sikumpa kitu."

Mwamuzi akazima kinasa sauti. Akasema amesikiliza kesi kama arobaini za viwanda tangu aanze kazi, na kwamba sheria imempa visanduku viwili tu vya kutia alama, na cha mtu aliyempisha ndugu yake hakipo. Nikamwuliza kama naweza kumwachia dada yangu fungu langu, kama yeye alivyoniachia kazi. Akatabasamu, kisha akaona sitanii, akainamisha macho kwenye makaratasi. "Haliachiwi mtu, bwana," akasema.

Njiani kurudi, kwenye gari langu bovu, nilimfokea. Mara ya kwanza maishani mwangu. Nikamwambia neno moja la uongo lingemdhuru nani? Serikali? Wenye soksi za ng'ambo? Akasema, "Ukimaliza kupiga kelele, pitia kiwanda cha kuku. Nasikia wanaandika watu."

Ndiko aliko mpaka leo. Anasimama tangu saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi ya barafu, anakata mapaja ya kuku yanayopita mbele yake, miaka hamsini na saba. Akirudi vidole havifungui kitasa cha mlango. Mimi ndiye namfungulia. Vile viatu vyeupe ndivyo anavyovaa huko, na si vyeupe tena. Bima ya pale inaanza baada ya miezi sita, kwa hiyo dawa zake za sukari anakula siku moja, siku ya pili anaruka. Hilo nalo asijue kwamba nimekuambia, lakini nataka ulijue kwa sababu akikuambia hana neno, analo.

Mimi nilikuwa nimejiandikisha kutengeneza viyoyozi, kazi ya watu wa aina yangu. Siku ya mwisho ya kubadilisha, nikaona jina la mama yako limekatwa kwa wino mwekundu kwenye orodha ya uuguzi na nafasi iko wazi. Sijui nilifikiri nini. Labda sikufikiri; ni kama mtu anayekalia kiti ili mwingine asikichukue. Nikaandika langu. Mshauri wa chuo akaniuliza mara tatu kama nina hakika, akitazama mikono yangu.

Wiki ya kwanza nilikaribia kuacha. Mwalimu alitaka tuchome sindano kwenye chungwa, nikalichoma chungwa na kidole changu pamoja. Nilikaa nyumbani siku tatu. Mama yako akaja moja kwa moja kutoka kwenye kuku, manyoya kwenye nywele, akanikuta nimelala kwenye kochi.

"Inuka," akasema. "Leo wamefundisha nini?"

"Sijui. Sikwenda."

"Ulinidanganya unajua kusoma?" Akanirushia daftari. "Jumapili napiga simu Ujerumani. Nitamwambia nini mwanangu?"

Basi hivyo ndivyo ilivyo, mpwa wangu. Kila siku anapotoka kazini anapita kwangu, anavua aproni, anaweka mikono kwenye maji ya moto, na mimi namsomea daftari langu lote ili yeye apate cha kukusimulia Jumapili. Mwanzo nilidhani anatafuta maneno mawili matatu ya kukuridhisha. Siyo. Ananirudisha nyuma, ananiuliza mshipa huu unakwenda wapi, kwa nini, na kama ukiziba? Nisipojua ananiambia kesho nimwulize mwalimu, nami namwuliza, na mwalimu anashangaa jinsi babu anavyouliza vizuri. Mtihani uliopita nilipata tisini na moja. Hizo tisini ni zake, ile moja ni yangu.

Na hati watakayonipa itakuwa na jina langu. Nimeulizia hilo pia.

Najua utakasirika, na utataka kupanda ndege au kumpigia simu umsute. Usifanye hivyo, nakusihi. Mbele ya kiapo, pale uongo ungemfaa, aliukataa. Huu wa Jumapili ndio wa pekee alio nao, na hauibii mtu. Nimekuandikia kwa ajili ya jambo moja tu. Jumapili zilizopita, akianza kukueleza masomo, ulikuwa unamwambia, "Hongera mama, haya, ongea na Tobias." Alinisimulia kwa kicheko, lakini ile Jumapili hakula.

Wiki hii tumesoma figo. Ameng'ang'ania figo kuliko kitu chochote, kwa sababu ya Idella, na ameniuliza mambo ambayo hata kitabu hakina. Akikupigia, usimpe mtoto simu. Muulize figo zinafanya nini. Muulize na swali gumu, asije akajua unamhurumia. Kisha mwache aeleze mpaka kadi ya simu imwishie.

Idella anakusalimu sana na anamtumia Tobias soksi, jozi sita za mwisho tulizobakiza kati ya zile tulizoshona wenyewe. Ncha zake ni kazi ya mama yako, pitisha kidole ndani hutahisi mshono. Thurlow Beam naye anakusalimu. Msalimie Dewitt utakapomwandikia, mwambie arudi na viungo vyake vyote, maana mwuguzi aliyepo kwenye ukoo ni mimi. Mungu awalinde huko ugenini, awape usingizi na amrudishe mumeo mlangoni kwa miguu yake.

Mjomba wako akupendaye daima,

Lemuel Stroud