Walioshinda Hesabu

Jumatatu, 18 Machi 1957
Leo tena Zakayo bwanangu hakuweza kuinuka kitandani. Homa siku ya tatu. Nimempa kwinini, nimemfunika. Mlinzi wa ndege asipoonekana ziwani kazi imekwenda, na nyumba hii ni ya kazi. Nikavaa koti lake nikaenda mwenyewe. Kufukuza wenye mbwa na bunduki, kuandika ndege waliotua. Kazi ya kipuuzi. Miaka minne namcheka bwanangu kwa hili.

Jumanne, 19 Machi
Heroe, wale wa waridi wenye miguu mirefu, nimewazoea. Lakini matope yamejaa ndege wadogo wa kahawia, wanakula kama watu wanaochelewa treni. Wamenona mpaka kukimbia ni taabu. Jioni nikamuuliza Zakayo.
"Wanajiandaa," akasema. "Wanarudi Ulaya kuzaa. Kila mwaka mwezi huu."
Nikamwambia homa imempanda kichwani. Hakucheka.

Alhamisi, 21 Machi
Ni kweli. Jua likizama waliinuka wote pamoja, wakazunguka maji mara mbili, wakashika njia ya mlima Menengai, kaskazini. Kiumbe kinachoenea kiganjani mwangu. Kivuke jangwa, kivuke bahari. Nilisimama mdomo wazi. Nimeona aibu kwa ile miaka minne.

Ijumaa, 22 Machi
Amekunywa uji. Miguu haimbebi bado. Jirani anasema mkaguzi anazunguka wiki hii. Naogopa.

Jumamosi, 23 Machi
Korongo. Walishuka jana jioni, ufuko mzima mweupe. Saa nne, jua lilipopamba moto, wakaanza kupanda. Hawapigi mabawa. Wanazunguka tu, juu, juu zaidi, wengine chini yao, mpaka shingo ikaniuma. Kimya kabisa. Nikalia, sijui kwa nini.

Mkaguzi akanikuta hivyo, machozi usoni, koti la serikali mwilini. Mzungu mrefu, hana haraka.
"Mlinzi yuko wapi?"
"Mgonjwa, bwana. Mimi ni mke wake."
Akataka daftari la ndege. Akasoma kurasa zangu zote amesimama.
"Wa leo hujaandika."
"Wamenishinda hesabu, bwana."
Akatazama juu. Akavua kofia. Halafu akanirudishia daftari.
"Basi andika hivyo hivyo."

Amesema Zakayo anangojewa kazini Jumatatu ya tarehe moja. Mimi nisionekane tena pale, mwanamke hawezi kuwa mlinzi. Nyumba imebaki yetu. Nimefurahi. Nimekasirika pia.

Jumatatu, 1 Aprili
Mvua tangu asubuhi. Zakayo amerudi kazini, amekonda, koti linamning'inia. Jioni akasema matopeni hakuna kitu, wameondoka wote. Tukanywa chai. Halafu akaniuliza korongo walipandaje. Miaka yote huwa yuko upande wa pili wa ziwa, hajawahi kuwaona wakianza. Nikamweleza taratibu. Aliweka kikombe chini, akasikiliza mpaka mwisho.