Siku Uliyotuacha Ngomeni

Mdogo wangu,

Nilikupoteza Agosti ya mwaka 1996, mchana kweupe, juu ya ngome ya kale ambayo hata ndani hatukuingia. Huu ni mwaka wa pili. Wengine hupotezewa ndugu na maradhi. Mimi nimepotezewa na kibanda cha vioo kinachoning'inia kwenye waya.

Unaikumbuka foleni ya gari la kebo? Wewe ndiye mwenyeji wetu huko Ujerumani unakosoma, unamsimulia Baba kuta zile zilivyojengwa. Baba ametoka Tukuyu na koti lake zito la kanisani, sisi tumetoka Minnesota, wote tunacheka. Kibanda kinabeba wanne, sisi tuko watano. Aliyelelewa nyumbani kwetu angepiga hesabu hiyo bila kufikiri: Baba, wewe na mwanangu Tumaini kibanda cha kwanza; mimi na mke wangu cha pili. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, wala hamtazami usoni. Tangu nilipompeleka mke wangu nyumbani, Baba hukohoa kwanza kabla ya kuingia, naye mkewe mwanawe hupitia uani.

Wewe ukamvuta mke wangu mkono. "Panda, shemeji. Huku si Tukuyu." Mlango ukajifunga.

Nikapanda kilichofuata peke yangu, nikiwatazama kupitia vioo njia nzima kama mtu anayesindikiza jeneza. Shemeji yako kachuchumaa sakafuni, kitenge kichwani, uso mlangoni. Baba kajifunika koti gubigubi. Mke wangu anasema Tumaini aliuliza kwa Kiingereza mbona babu anajificha, na hapo ndipo ulipoacha kucheka.

Juu, Baba alitoka bila neno, akakaa kwenye ukuta, mgongo kwetu. Ukamwita, ukamwita tena. Hakugeuka. Ndipo ukasema, "Basi, mnihesabu nimekufa," ukashuka na kibanda kilichokuwa kinarudi.

Umenichosha, mdogo wangu. Kadi za simu ngapi nimezimaliza nikiongea na mashine yako ya kupokea simu? Nilianza kwa kupiga deki ofisi za watu huku Eden Prairie, leo nina magari na wafanyakazi wangu, na hakuna mteja aliyewahi kunisumbua kama wewe. Msomi mzima, kunyanyua simu kunakushinda.

Sasa sikiliza. Baba yuko kwangu, hapa Eagan, Minnesota. Yeye analala chini, shemeji yako yuko juu. Akitaka kupanda anakohoa ngazini na kusubiri mlango wa jikoni ufungwe. Chakula kinashuka kwa mkono wa Tumaini, sahani inapanda na shukrani. Wanaelewana kuliko mimi na wewe. Jumatatu ya wiki ijayo atafanyiwa upasuaji wa moyo, hospitalini Saint Paul. Daktari hakunificha: kwa umri wake, huenda asiamke.

Jana nilikuwa namkata kucha, nikamuuliza juu ya siku ile.

"Mle kibandani mkwe nilimpa mgongo, yakaisha," akasema. "Koti lilikuwa la woga. Nilichungulia chini nikaona miti imekuwa kama mchicha. Kule juu miguu bado inatetemeka, ningegeuka mngeniona."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Niseme nini mbele ya mjukuu?"

Nikabaki na wembe mkononi, sijui nicheke au niutupe. Muda wote huu wewe unadhani umekataliwa na baba yako, kumbe mzee aliogopa kuwa juu! Hana kinyongo na wewe hata chembe. Kila jioni anauliza kama umepiga simu, nami namwambia laini mbovu. Nimechoka kumdanganya mgonjwa.

Wakala wa ndege amekushikia nafasi hadi Ijumaa. Usinitumie salamu, usinieleze habari za mitihani, wala usimtume rafiki yako aniambie unalifikiria. Unakuja au huji? Nijibu kwa mdomo wako mwenyewe kabla ya Ijumaa hii, saa kumi na moja jioni, saa za huku.

Kaka yako