Nilivyosimama Bila Kubembelezwa

Rasht, 12 Aban

Golnar mwanangu,

Hatujambo. Vitunguu saumu nimeshavitia kwenye siki. Baba yako ameacha sigara. Sababu nitakueleza siku nyingine.

Leo acha nijisifu. Mwalimu wetu wa Kiingereza, binti aliyekulia ughaibuni, aliuliza nani ataeleza “give up”. Mimi nimeikariri wiki nzima! Akaniambia, “Mama Mahlagha, karibu mbele.” Nikajibu kama mtu aliyelelewa vizuri, “Aa, mwanangu, mimi nani? Waanze wengine.” Akanikaribisha tena, nikakataa tena, nikingoja mara ya tatu ndipo ninyanyuke, kama ilivyo ada yetu. Maskini, akaniamini! Akamwita Kamyar muuza samaki, naye akasema, “Ni kukata tamaa,” akaketi kama amemaliza kila kitu.

Damu ikanichemka. Nikasimama mwenyewe.

“Kamyar, hiyo ni robo tu! Mume wangu ameacha sigara, ndiyo hiyo. Kwenye basi namwachia mzee kiti changu, ndiyo hiyo. Ubalozi wa nchi anakoishi binti yangu umeninyima viza mara mbili, naye ananiambia, basi mama, acha. Ndiyo hiyo pia, na siachi!”

Darasa zima likapiga makofi. Kamyar akanong'ona, “Mama huyu moto!”

Mwezi ujao naenda tena ubalozini kule Ankara, mara ya tatu. Safari hii ofisa akinikaribisha kiti, nitakaa papo hapo.

Mama yako mwenye kichwa kigumu,
Mahlagha