Kilio Kilichoanza kwa Sinema

Songo, Uvira
Tarehe 6 Machi 1966

Mpendwa Shangazi Capitoline,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na ule mguu uliokuwa umevimba umepona. Watoto wanaendeleaje huko Bujumbura? Sisi huku tu wazima. Mama alikuwa na homa, lakini imepita.

Shule yetu imefunguliwa tena. Madawati mengi yalichomwa wakati wa vita, kwa hiyo tunabanana. Nimesoma vitabu vyote vilivyobaki katika kabati la masista, hata kile cha ufugaji wa nyuki.

Sasa nikuambie jambo ambalo labda umekwisha kulisikia vibaya kutoka kwa wanaovuka mpaka. Tumekaa matanga ya Baba. Najua ulikataza. Ulisema kumlilia mtu ambaye hakuna aliyeiona maiti yake ni kumzika mzima. Mama naye alisema vivyo hivyo, kwa hiyo tafadhali soma mpaka mwisho.

Waasi walipomchukua Baba awaendeshee kamyo kuelekea Fizi, na asirudi, watu wa hapa walisema alikwenda kwa kupenda kwake. Jeshi liliporudi, majirani wakaacha kuingia kwetu. Mama naye akaacha kutoka. Maji nachota mimi, sokoni naenda mimi. Juma zima liliweza kwisha tukizungumza sisi wawili tu, na mimi, unanijua, si mtu wa maneno.

Mwezi uliopita akaja Sylvestre, yule mpiga picha. Mgiriki mmoja aliyehama wakati wa uhuru alimwachia mashine ndogo ya kupigia sinema. Alitaka kutengeneza sinema yake mwenyewe, bila kutumwa na misheni wala serikali: mama na binti yake wanaishi peke yao, hakuna anayewatembelea, halafu inafika habari kwamba mume amekufa. Alisema hatahitaji kutufundisha sana. Nilidhani Mama atamfukuza. Alimuuliza tu kama watu wa Uvira wataiona. Sylvestre akasema hapana, labda wa mbali. Mama akakubali.

Kazi yangu ilikuwa kusoma kitabu dirishani, jambo rahisi. Alasiri moja ikafika sehemu ya habari ya kifo. Mama alifungua kitambaa cha kichwa, akakaa chini kwenye mkeka. Sylvestre akamwambia, "Mashine hii haisikii, Mama Agathe. Weye fungua tu kinywa."

Mama akapiga yowe. Alimwita Baba kwa jina, Firmin, jina ambalo halikuwa la sinema. Sijui kama aliisahau ile mashine. Sikumwuliza.

Unajua, Shangazi, kwetu hakuna anayesikia kilio akaendelea kupika. Hata asiyekupenda anakuja. Wa kwanza alikuwa jirani yetu Mama Pétronille, na mzigo wa kuni kichwani, kisha wengine nyuma yake na mikeka na unga wa muhogo. Alipomwona Sylvestre akawaka.

"Weye Sylvestre! Muntu iko analia bwana yake, na weye iko unapiga picha?"

"Mama, hii ni sinema tu."

"Kacheze sinema kwa mama yako! Shika hizi kuni."

Akazishika. Mimi nilikuwa nimesimama na kitabu changu. Nilijua kwamba neno moja kutoka kwangu lingewarudisha wote makwao, nami nikamtazama Mama anipe ishara. Mama alimtazama Mama Pétronille, akasogea kidogo kwenye mkeka, akamwachia nafasi. Basi. Yule mama akakaa, akamshika bega, akaanza kulia naye.

Wanaume waliwasha moto uani na kulala hapo mpaka matanga yalipokwisha. Walimzungumzia Baba kwa wema. Mmoja alisimulia kwamba mke wake aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, Baba alimbeba kwa kamyo kutoka Sange, juu ya mizigo ya mpunga, akiimba vibaya njia nzima ili mwanamke acheke. Habari hiyo sikuwahi kuijua. Sylvestre anasema sinema yake imeharibika, maana alitaka mama mpweke na sasa nyumba imejaa watu. Hata hivyo anakuja kula kama wengine.

Wageni walipopungua nilimwuliza Mama kama anaamini Baba amekufa. Akasema, "Sijui. Lakini nilichoka kumungoja peke yangu."

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalonifanya nikuandikie. Mjane hunyolewa na dada wa mumewe. Mama Pétronille alijitolea kushika wembe, Mama akakataa. Anasema ni wewe au hakuna. Usipokuja atabaki na nywele zake, na sisi tutabaki katikati, si watu waliofiwa wala si watu wanaongoja. Sikuombi uamini kwamba kaka yako amekufa. Mimi mwenyewe siku nyingine naamini, siku nyingine napanga nitakachomwambia akifika. Naomba uje umnyoe Mama, hata kama utakuja na hasira.

Halidi, muuza chumvi, ndiye anayekuletea barua hii. Atarudi Uvira Alhamisi, na garini mwake kuna nafasi.

Nisalimie Bwana Léopold na watoto wote. Mama anakusalimu pia, ingawa anakuogopa. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye,
Agathe