Biskuti za Mbwa Wako

Mwanangu kipenzi,

Salamu zako tumezipata. Sisi tupo, na mbwa wako uliyetuachia alinenepa kwa makombo yetu hadi fundi viatu wa jirani akamwita Meneja. Basi siku hizi namwokea biskuti mwenyewe: boga la kuchemsha, unga wa shayiri na yai moja. Chumvi sitii, sukari sitii.

Babako naye daktari alimkataza hivyo hivyo, lakini nikimpakulia anasukuma sahani: "Mimi si mgonjwa, mama watoto!" Ningemwambia sikio la kufa halisikii dawa, ila methali hiyo siitamki tena humu ndani.

Kumbe kopo la biskuti za mbwa likawa linapungua. Nikamfumania babako nyuma ya mlango wa jikoni, ndevu zimejaa unga, akamsingizia mbwa! Nikamgombeza mbwa kwa sauti, na kesho yake nikaoka maradufu. Tukawa tunaishi hivyo: yeye anaiba, mimi namfokea mbwa, mbwa ananitazama kama mtu aliyeonewa. Angalau babako alikuwa anakula.

Suruali zake nimezipunguza kiuno tena.

Ulisema utakuja kazi ikitulia, nami sikutaka kukuharakisha. Lakini juzi nilioka, nikaacha mlango wa jikoni wazi makusudi, nikaenda uani kufua, nikafua polepole hata nguo zilizo safi. Jana nikafanya vile vile.

Leo kopo bado limejaa. Njoo, mwanangu.

Mimi mamako