Zahanati Isiyo na Nguzo

Jumanne, Garsen

Na bado Komora ananiita ndugu yangu.

Zahanati ya Idsowe niliichora juu ya nguzo, kimo cha mtu, ili Mto Tana ukifurika maji yapite chini. Komora, mshirika wangu, akaitia ramani kwenye akili mnemba ati ipendeze. Leo kamati ya wazee wa kijiji ikaonyeshwa picha: vioo, maua, na jengo limekaa chini kabisa. Wakapiga makofi.

Nikamvuta kando. "Nguzo ziko wapi?"

"Kompyuta imezitoa. Wazee wameipenda, ndugu yangu. Usiniharibie."

Kompyuta naisamehe, haiujui Tana. Lakini Komora! Mafuriko yaliyopita mimi ndiye niliyembeba mamake mgongoni, maji yakinifika kifuani.