Jeli Yangu Imemfikia Mjukuu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla aibu haijanimaliza. Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi, nina miaka hamsini na mbili, na tangu hedhi ikome joto lilikuwa linanipanda kifuani hadi utosini, jasho linadondokea mashati ya wateja, daktari akanipa jeli ya estrojeni, ile homoni ya kike, akasema bonyeza chupa mara moja tu kwa siku, paka juu ya kiwiko, iache ikauke, vaa nguo ya kufunika, nami kwa ujuaji wangu nikasema mwili wote huu kitone kimoja kitaufanya nini, nikawa nabonyeza mara tatu, halafu navaa blauzi isiyo na mikono na kumbeba mjukuu wangu wa kike wa miaka mitatu, ambaye hasinzii mpaka alaze shavu kwenye mkono wangu. Sasa mtoto ameanza kuota matiti. Binti yangu alilia, akamshuku yaya kwamba anamlisha vitu asivyovijua, akamfukuza mbele yangu, na mimi nilikuwa nimeshasoma karatasi ya dawa, nilijua, nikanyamaza. Yaya aliniaga akisema, "Mama, wewe unanijua." Mtoto anapelekwa kwenye vipimo wiki ijayo. Najuta, nifanye nini?

Mama mpiga pasi, pole, joto hilo si mchezo na kutafuta dawa si kosa. Lakini homoni haipimwi kwa unene wa mtu. Huanzwa kidogo, na anayepandisha ni daktari. Jeli isipokauka na kufunikwa humhamia anayekugusa, na hilo uliambiwa. Kuteleza si kuanguka, ila kwa kunyamaza, mama, umeanguka mzimamzima.

Leo hii mwambie binti yako na daktari wa mtoto: dawa gani, ulibonyeza mara ngapi, tangu lini. Nenda na chupa yenyewe. Mara nyingi uvimbe huo hupungua mguso ukikoma, ila wao ndio wamchunguze. Wewe nawe rudi kwa daktari wako. Ipo plasta ya kubandika chini ya kiuno, vipo vidonge, atakuchagulia. Kama bado una kizazi, muulize kuhusu homoni ya pili ya kukilinda, maana estrojeni peke yake hukidhuru.

Kisha mfuate yaya kwao, na binti yako akiwepo, useme ulijua. Huenda asirudi kazini. Huenda binti yako asikuachie mtoto kwa muda, na hasira hiyo ni haki yake. Afadhali mjukuu akukose miezi michache kuliko achomwe sindano za kutafuta ugonjwa ambao chanzo chake unakijua wewe.